Sabuni Ndani ya Ndiva

Juu ya mlango wa bweni la wasichana pale Kirongweni, milimani juu ya mji wa Same, kuna matundu manne ya misumari na hakuna kibao. Wanafunzi wa siku hizi hupita chini yake na ndoo zao, na ukiwauliza watakuambia ni kazi ya fundi mzembe. Wanamsingizia fundi wa watu. Kibao kilikuwepo. Kilipandishwa asubuhi moja ya mwaka 1994, kimefunikwa kitambaa cheupe, na kabla ya jua kuzama kikashushwa bila kufunuliwa. Kilikuwa na jina la mwanamke aliyelilea bweni lile kwa miaka ishirini. Jina lake Koleta, na tuseme kweli mapema ili asije mtu akalalamika baadaye: Koleta alikuwa mwoga.

Woga wake haukuanzia bwenini. Ulianzia bondeni, kwenye kambi ya shamba la mkonge, ambako baba yake aliletwa na lori kutoka Songea kwa mkataba wa manamba. Walikaa chumba kimoja katika safu ya vyumba ishirini vilivyofanana, watu wa Kigoma upande huu, watu wa Iringa upande ule. Baba alipokufa kwa homa, Koleta akiwa na miaka tisa, walimzika Jumatatu. Alhamisi nyapara alisimama mlangoni, akavua kofia kwa adabu, akamwambia mama yake kwamba chumba kinahitajika. Hakufoka. Alisema tu chumba kinahitajika, na jioni hiyo mama na mtoto wakalala chini ya turubai la watu, na vyombo vyao ndani ya gunia. Tangu siku hiyo Koleta hakuweza kusikia mtu akibisha hodi bila kutafuta gunia kwa macho.

Nyumba ya Kirongweni nayo ilikuwa na asili ya mkonge. Bwana shamba mmoja wa Kizungu, aliyechoshwa na joto la bondeni, aliijenga huko juu kwenye baridi ili apumzike. Ilikuwa ya kuta za mawe na dari ya mbao, na sebuleni kulikuwa na mahali pa kuotea moto. Mashamba yalipotaifishwa, nyumba ikabaki na popo. Mwaka 1974 taifa lilipotaka walimu wengi kwa haraka, chuo cha ualimu kikafunguliwa pale kijijini, mabawa mawili yakaongezwa kwenye ile nyumba, na vitanda arobaini vya chuma vikapandishwa mlimani. Pamoja na vitanda alikuja matroni. Alikuwa Koleta, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, mjane asiye na mtoto, aliyekuwa mpishi katika hospitali moja ya misheni. Alipewa chumba cha kona chenye dirisha linalotazama mgomba na kipande cha mlima. Kilikuwa na kufuli lake mwenyewe. Usiku wa kwanza alilishika lile kufuli mpaka likapata joto mkononi.

Wenyeji hawakumfanyia ubaya. Walimwita Matroni, wakamletea makande siku za sikukuu, wakamcheka kwa namna alivyotetemeka wakati wa kipupwe. Lakini milimani kule mtu ni ukoo wake, shamba lake na zamu yake ya maji. Koleta hakuwa na kimojawapo. Alijua kwamba siku chuo kitakaposema chumba kinahitajika, hakuna nyumba hata moja mlimani yenye wajibu wa kumfungulia mlango.

Kisha ikaja miaka ya dhiki. Wenye umri wanaikumbuka, na wasioikumbuka wasiulize sana, maana wazee wakianza hawamalizi. Sukari ilikuwa ya foleni, chumvi ya foleni, hata kiberiti watu waligawana njiti. Sabuni ndiyo iliyowaumiza wasichana wa bweni kuliko vyote. Walifua kwa majani ya mpapai, wakaoga kwa magadi, na ngozi zikawatoka magamba. Mgao wa chuo ulipofika, kama ulifika, Koleta aligawa kipande kwa kila kitanda, na kila mara aliweka miche michache kando. Aliweka kwa ajili ya mgonjwa, kwa ajili ya msichana aliyepatwa na siku zake ghafla, kwa ajili ya mwezi ambao lori lisingekuja. Mwaka 1982 Ikupa, msichana wa Tukuyu, alipougua kuhara karibu afe, ni sabuni ile ya akiba iliyofua mashuka yake mara tatu kwa siku, na ugonjwa haukuenda kitanda cha pili.

Ilikuwa akiba ya busara, lakini haikuandikwa popote. Tena kuna miche minne ambayo Koleta aliibadilisha kwa mafuta ya taa ya chumbani kwake. Minne tu. Miche hiyo minne ndiyo iliyomtia hatiani moyoni, kwa sababu mtu akiwa na doa moja hujiona mchafu mwili mzima.

Machi 1983 ikaisha, Aprili ikaingia, na redio ikaanza kuzungumza habari za wahujumu uchumi. Kila aliyeficha bidhaa angesakwa. Habari zilipanda kutoka Same kila siku na kila siku zilikuwa zimenenepa: maduka yamepekuliwa, fulani amechukuliwa na mgambo akiwa na shati la ndani, fulani mwingine ametupa mabati yake korongoni, magunia ya sukari yamekutwa vichakani yakiliwa na siafu. Watu walitupa hata vitu halali, kwa vile hakuna aliyejua halali inaishia wapi. Siku ya Ijumaa mkuu wa chuo, mtu mpole, aliwaambia wafanyakazi kwamba wakaguzi wangefika wiki inayofuata kuangalia stoo zote.

Koleta alirudi chumbani, akafunga mlango, akainua shuka lililoning'inia kitandani. Chini yake kulikuwa na miche arobaini na sita. Alikaa sakafuni akaitazama. Alimwona nyapara akivua kofia. Chumba kinahitajika.

Kuirudisha stoo asingeweza, kwa kuwa angeulizwa imetoka wapi. Kuwagawia wasichana asingeweza, kwa kuwa wasichana arobaini ni midomo arobaini. Kuizika, udongo mbichi huonekana. Ndipo akakumbuka ndiva.

Ndiva ni bwawa la wenyeji, lililochimbwa na mababu mlimani ili kukusanya maji ya chemchemi usiku kucha, na asubuhi huzibuliwa yakateremka kwenye mifereji mpaka mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Mwaka ule masika yalichelewa, kukawa na ukungu tu usio na mvua, na mahindi yote ya mteremko yalikuwa yakiishi kwa ndiva. Mtoto yeyote wa Kirongweni angekuambia kwamba ndiva ikizibuliwa hubaki tope tupu, chini kabisa, hata vyura wanahesabika. Koleta hakujua. Wafanyakazi wa chuo hawakuitwa kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuchimba na kusafisha, na yeye alikuwa akiipita ndiva Jumapili tu alipokwenda kutembea. Jumapili haizibuliwi. Kwa miaka tisa alikuwa ameiona imejaa, nyeusi, imetulia, akadhani ni ziwa lisilo na mwisho.

Jumapili hiyo wenyeji wote walikuwa ibadani, Walutheri hao, na nyimbo zao zilisikika kupitia ukungu. Koleta alikuwa Mkatoliki, na padri hupanda mara moja kwa mwezi. Alijitwika kapu la matembele, na chini ya matembele miche arobaini na sita, akapanda. Alizamisha mmoja mmoja, polepole, ili maji yasipige kelele. Kila mche ulipotoka mkononi aliona moyo wake unapungua uzito. Alipomaliza alinawa mikono, na mikono ikateleza, ikanukia vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Akarudi akala chakula cha mchana kwa hamu. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, alijiambia, na akalala usingizi wa mchana.

Jumatatu asubuhi mlinzi wa ndiva, Zefania, alipanda kuzibua kama kawaida. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye maneno machache, na kazi ile aliirithi kwa baba yake. Alivuta kizibo, maji yakatoka kwa nguvu yakapiga kwenye mawe, na mawe yakaanza kutoa povu. Povu lilipanda hadi magotini. Liliingia mfereji, likateremka jeupe, likitetemeka, likapita nyumba za watu, likasimama kwenye mahindi. Ng'ombe walinusa wakarudi nyuma. Mwanamke mmoja alipiga ukunga, na neno likaruka mlima mzima kabla Zefania hajakirudisha kizibo: maji yana sumu.

Koleta alikuwa akihesabu mashuka barazani. Aliona povu likipita kwenye mfereji wa chuo, chini ya miguu yake, na kwa kitambo hakuelewa anachokiona. Alipoelewa, mashuka yalimtoka mikononi.

Pembe ya msaragambo ilipulizwa, na safari hii iliwaita watu wote, hata wa chuo. Wapishi na wafagiaji wa bweni walikwenda na majembe. Asiyekwenda angeonekana, kwa hiyo Koleta naye alikwenda. Maji yaliyobaki yalikuwa yameachiwa, na ndiva imekauka. Pale alipodhani hakuna mwisho, palikuwa na tope la kufika kwenye vifundo vya miguu, na ndani ya tope miche ya sabuni imelala, imevimba, imeanza kulainika, inaonekana kama mawe ya manjano. Watu waliichota wakaipanga ukingoni. Hakuna aliyecheka, ingawa miaka ya baadaye wangecheka sana. Wengine walikuwa hawajaiona sabuni tangu Krismasi.

Mzee Aminieli, mkubwa wa ndiva, alipanda juu ya ukingo. Kuna desturi pale, ya zamani kuliko chuo na kuliko mkonge. Maji yakichafuliwa, mzee huuliza mara tatu mbele ya watumiaji wote. Aliyechafua akijibu, hushuka topeni na kulisafisha peke yake siku nzima, hutoa mbuzi, na neno linaishia hapo. Ni mwiko kumsema tena. Asipojibu, ndiva husafishwa na wote, na neno halina mwisho.

"Nani amechafua maji?" Mzee Aminieli aliuliza.

Ukungu ulikuwa ukipita kati ya watu.

"Nani amechafua maji?"

Koleta alitazama vidole vyake vya miguu. Aliwaza: huyu anawauliza watu wake. Mimi si mtu wake. Mimi sina maji hapa. Lilikuwa wazo la uongo lakini lilimfaa, akaling'ang'ania kwa mikono miwili.

"Nani amechafua maji?"

Hakujibu mtu. Wakashika majembe, na Koleta akashika jembe pamoja nao, akachimba kwa bidii mpaka mke wa Zefania, Rogathe, akamwambia, "Pole pole, Matroni, utaumia mgongo. Kazi hii hujaizoea."

Siku ya Jumatano Landrova ya polisi ilipanda kutoka Same. Koleta aliisikia ikiguna kwenye kona, akaingia chumbani, akavaa gauni lake zuri na viatu, akakaa kitandani akiwa na kijifurushi mapajani. Alikaa hivyo saa nzima. Landrova haikusimama chuoni. Ilikwenda moja kwa moja kwa Zefania. Bidhaa zimekutwa ndani ya ndiva, na mwenye ndiva ni nani? Jumapili hakuonekana ibadani; alikuwa nyumbani akimhudumia ng'ombe aliyekuwa akizaa kwa shida, na shahidi wake alikuwa huyo ng'ombe. Askari walimpakia nyuma, amefungwa mikono, na tope la ndiva bado liko kwenye kaptula yake. Gari lilipopita mbele ya bweni aliinua kichwa akamwamkia Koleta kwa macho, kama jirani apitaye njiani.

Hapo angeweza kukimbia nyuma ya gari. Hakukimbia. Alirudi ndani akafungua kijifurushi, akarudisha nguo kabatini moja moja, na alijichukia kwa jinsi alivyozikunja vizuri.

Zefania alikaa ndani miezi saba, bila kuhukumiwa wala kuachiwa. Zamu yake ya maji ikalala, mahindi yake yakakauka, na ng'ombe akauzwa. Koleta hakuweza kula. Mwishowe alikwenda kwa mkuu wa chuo, akamsihi amwajiri Rogathe kuwa mfuaji wa bweni, na alisihi kwa machozi mengi hivi kwamba mkuu alidhani ni ndugu yake. Rogathe akaja. Alifua mashuka arobaini kila juma, na kila jioni alisimama kwenye mlango wa kona.

"Mungu akuzidishie, Matroni. Wengine wote wamenikimbia kana kwamba nina ukoma. Wewe peke yako ndiye uliyenikumbuka."

"Usiseme hivyo, Mama Anaeli."

"Nitasema. Nisiposema mimi mawe yatasema."

Wakaguzi wa stoo za chuo, kama unataka kujua, hawakufika kamwe.

Zefania alirudi Novemba, amekonda, mkono wa kushoto haufungiki vizuri, vidole viwili havikunjiki. Alipanda ndivani kesho yake. Hakumshtaki mtu, ila watu walimshtaki yeye. Siri ya mtungi aijuaye kata, walisema, na mlinzi hawezi kukosa kujua. Baadhi waliacha kumwamkia. Binti yake, huyo Anaeli, uchumba wake ukavunjika kimya kimya, akaolewa mbali, Kwakoa kule bondeni, na mtu aliyemzidi miaka ishirini.

Na Koleta akaishi. Ndiyo adhabu yenyewe, kuishi. Kila mwaka pembe ya kusafisha ndiva ilipolia, alipata ugonjwa. Mzee Aminieli, tangu mwaka ule wa povu, alikuwa ameweka desturi mpya: kila msaragambo wa mwaka, kabla jembe halijagusa tope, angeuliza mara tatu swali lilelile. Watu walilizoea kama walivyozoea sala ya chakula. Walisikiliza ukimya kidogo, kisha wakaanza kuchimba. Koleta aliusikia ukimya huo akiwa kitandani kwake, na blanketi hadi kidevuni, na alijua ni wake.

Miaka ikageuka. Ruksa ikaja, biashara ikafunguliwa. Siku moja ya mwaka 1987 Koleta aliteremka Same kununua dawa ya kunguni, na kwenye soko, juu ya turubai, juani, akakuta sabuni. Miche mirefu ya buluu na ya manjano imepangwa kama matofali, mchuuzi anaimba bei, na askari mwenye sare amechuchumaa anachagua. Askari! Anaugonga mche kwa kidole asikie kama ni mgumu. Kando yake mitumba, betri, dawa za meno, kila kitu ambacho miaka minne nyuma kilikuwa kinamtia mtu pingu. Koleta alisimama mpaka mchuuzi akamuuliza kama anaumwa. Alikuwa akitafuta ndani yake nafuu, maana sasa hakuna wa kumkamata. Badala ya nafuu alikuta woga mkubwa zaidi. Zamani aliiogopa serikali. Sasa serikali ilikuwa imechuchumaa pale inanunua sabuni, na aliyebaki wa kuogopwa alikuwa Zefania, asiye na silaha ila mkono usiofungika.

Alinunua mche mmoja. Njiani aliutupa kupitia dirisha la basi.

Mwaka 1993 chuo kikachukuliwa na kanisa kikawa tawi la chuo kikuu. Watumishi wengi walipunguzwa. Barua zilikuja katika bahasha za kaki, na Koleta aliisubiri yake kwa miezi, ila haikuja. Badala yake alikuja Ikupa. Ndiye yule yule wa mashuka, sasa mhadhiri mwenye miwani, ametumwa kuandika historia ya majengo kwa ajili ya sherehe ya mwaka wa kwanza. Alimkumbatia Koleta mlangoni mpaka miwani ikapinda.

"Shikamoo, Matroni wangu."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa."

"Bweni hili nitalianza na wewe. Mzungu wa mkonge tumeshamwandika, mistari miwili inamtosha. Niambie mwaka themanini na tatu mliishije? Nakumbuka ndiva ilitoa povu, halafu?"

Koleta alisema kumbukumbu zimemtoka. Ikupa hakukata tamaa, alikwenda kwa Rogathe, na kumbukumbu za Rogathe hazikuwa zimemtoka hata kidogo. Alirudi jioni macho mekundu. "Kumbe ndivyo ulivyowafanyia! Kijiji kizima kimewatenga, wewe ukawasimamia!" Na juma lililofuata alifika na barua ya baraza la chuo. Bweni lingepewa jina. Bweni la Koleta. Na wa kuvuta kitambaa, Ikupa alisema akishangilia wazo lake, angekuwa Mzee Zefania mwenyewe, kwa mkono wake.

Tangu utoto Koleta alikuwa akitaka kitu kimoja, mahali ambapo hakuna nyapara wa kumwambia ondoka. Sasa jina lake lingepigiliwa misumari kwenye jiwe. Hata akifa chumba kingekuwa chake. Alikubali. Alisema asante. Kisha akahesabu siku zilizobaki, na kila siku iliyopungua alihisi mkono wa Zefania ukikikaribia kitambaa.

Sherehe iliwekwa Jumamosi saa nane mchana. Asubuhi ya siku hiyohiyo ulikuwa msaragambo wa ndiva. Hakuna aliyepanga kumtesa, ilitokea tu. Fundi alipanda ngazi akapigilia kibao, misumari minne, na Koleta alisikia kila pigo akiwa chumbani. Alikuwa amevaa kitenge kipya na viatu vyeupe ambavyo wasichana walimchangia. Pembe ikalia. Akakivuta kitenge chake kifuani. Ugonjwa wa kila mwaka ukaja, akalala kitandani na viatu vyake. Kutoka juu hapakusikika kitu bado. Mzee Aminieli angekuwa anasubiri watu wajae.

Akawaza: leo nisipokwenda, saa nane nitasimama chini ya mlango na yeye atavuta, na watu watapiga makofi, na nitalazimika kumshika ule mkono. Lilikuwa jambo dogo kuliko yote, kushika mkono, lakini ndilo hasa aliloshindwa kulimeza. Akainuka. Hakuwa jasiri, alikuwa ameogopa kitu kimoja kuliko kingine. Alipanda njia ya ndiva akishika miti, viatu vyeupe vikila udongo mwekundu. Mara mbili alisimama kurudi.

Alimkuta Mzee Aminieli tayari yuko ukingoni, mzee sana sasa, ameshikiliwa na mjukuu. Watu walimwona Matroni na kitenge chake wakatabasamu, wakidhani amekuja kuwaalika. Rogathe alimpungia.

"Nani amechafua maji?" sauti ya mzee ilikuwa kama ya mtu anayesoma tangazo.

Watu waliegemea majembe yao.

"Nani amechafua maji?"

Mahali fulani mtoto alikohoa. Koleta aliona mkono wa Zefania umeshika mpini, vidole viwili vimesimama vyenyewe.

"Nani amechafua maji?"

"Mimi."

Sauti ilitoka ndogo. Wachache walicheka, kwa kudhani ni mzaha wa siku ya furaha. Mzee Aminieli aliweka kiganja sikioni. "Nani?"

"Mimi, Koleta. Zile sabuni zilikuwa zangu. Nilizitia siku ya Jumapili, nyinyi mkiwa ibadani. Niliogopa. Zefania hakujua chochote. Niliona wakimchukua na bado niliogopa."

Angeshukuru wangepiga kelele. Watu walimtazama Zefania, mmoja baada ya mwingine, na wale waliokuwa wameacha kumwamkia walitazama chini. Rogathe alikaa kwenye nyasi kama mtu aliyekatwa miguu. Alipozungumza hakuinua uso.

"Miezi saba," alisema, "kila jioni nilikuombea wewe kwanza, ndipo nikamwombea mume wangu."

Koleta alilibeba neno hilo hadi anakufa.

Zefania alikuja akitembea polepole kwenye ukingo. Koleta alifumba macho akisubiri pigo, au mate, au lile neno la nyapara. Alisikia kitu kikigusa mkono wake. Ulikuwa mpini wa jembe, una joto la kiganja.

"Vua viatu," Zefania alisema. "Sisi tutasubiri huku juu. Desturi ni siku nzima."

Akavua. Akapandisha kitenge, akashuka kwenye tope, na baridi yake ikampanda hadi kwenye mifupa. Kutoka bwenini, chini, sauti za wasichana wakifanya mazoezi ya wimbo wa sherehe zilipanda kidogo kidogo, kisha zikakatika; habari ilikuwa imewafikia. Alipiga jembe la kwanza. Likateleza.

"Na hiyo," Zefania alisema kutoka ukingoni, "ni ya maji tu. Ya kwangu bado."